Kivuko cha Distrikti

Siku distrikti yetu ilipofutwa nilikuwa natwanga sombe, majani ya mihogo, nyuma ya nyumba. Mume wangu alirudi kutoka ofisini kabla ya saa yake, akavua koti, akalitundika kwenye msumari, akaja kusimama karibu na kinu.

"Mama," akasema, "Katanga bameikata. Sasa tuko jimbo la Lualaba."

"Na distrikti?"

"Distrikti haiko tena. Madistrikti yote bameyifunga."

Alisema hivyo akitabasamu, nami nikacheka. Tulikuwa tumechoka kufuata kila kitu Lubumbashi. Sasa wakubwa watakaa Kolwezi, karibu zaidi na sisi, na utajiri wa shaba utapata njia ya kutufikia hata sisi watu wa mihogo. Jioni ile watu walicheza mbele ya ofisi. Sisi wamama wa kwaya ya kanisa tuliimba mpaka sauti zikakauka. Komiseri, yule mkubwa wa distrikti, alitoka barazani akatupungia mkono, na baada ya majuma machache tukaona lori linapakia viti vyake, vitanda vyake na mbuzi wake, akaenda zake.

Kwa asiyejua mambo yetu, niseme kidogo. Distrikti ilikaa katikati ya jimbo na teritwari, ile ngazi ya chini kama wilaya. Jimbo lilikuwa mbali, na teritwari ilikuwa maskini. Distrikti ndiyo iliyokuwa na greda la kuchonga barabara, mapipa ya mazuti, yaani dizeli, gereji, na kivuko cha mtoni. Makao yake yalikuwa mji wetu mdogo, upande wa Sandoa, safari ndefu ya lori kutoka Kolwezi wakati wa kiangazi, na wakati wa mvua safari isiyo na mwisho unaojulikana. Sisi hatukuwa wa pale kwa kuzaliwa. Wazazi wetu ni watu wa kaskazini ya Katanga. Mume wangu alitumwa kule angali kijana, afanye kazi katika ofisi ya barabara na vivuko. Akakaa, akapanda cheo mpaka akawa mkuu wa ofisi hiyo, na nywele zake zikaota mvi pale pale. Mungu alitupa mimba nyingi na mtoto mmoja tu aliyekaa, msichana.

Huyo binti yetu alikuwa mwalimu. Alifundisha shule ya msingi katika kijiji cha ng'ambo ya mto, akaolewa na kijana wa huko huko, mlimaji wa karanga, mtu mpole asiyekuwa na maneno mengi. Maneno yote alikuwa nayo mke wake. Kila Jumamosi binti yangu alivuka kuja kutusalimia. Nyumba yetu haikuwa mbali na gati, na yeye, akisimama ng'ambo kungojea kivuko, alikuwa anapaza sauti juu ya maji, "Mama, teleka maji ya bukari!" Wavushaji walicheka. Mimi nilitia kuni, na alipofika mlangoni maji yalikuwa yanachemka, yanangoja unga wa ugali. Baba yake alimwambia mwalimu hapigi kelele kama muuza samaki. Yeye alimjibu, "Tata, na mukubwa wa distrikti hakalake mu jikoni," maana alimkuta baba yake kila mara amekaa jikoni kwangu, akimsubiri.

Kivuko chenyewe kilikuwa sahani kubwa ya chuma, ikivutwa na waya mnene uliofungwa ng'ambo hii na ng'ambo ile, na mashine ya mazuti ndiyo iliyouzungusha ule waya. Mashine ilikuwa ya rangi ya kijani. Mwaka fulani ilipasuka ubavuni, na mume wangu akaagiza wakate bamba kutoka mlango wa jipu bovu la distrikti, wakaliunga pale. Jipu lilikuwa la buluu, kwa hiyo mashine ya kijani ikabaki na kiraka cha buluu. Aliipenda kama watu wengine wanavyopenda ng'ombe. Mvushaji mkuu alikuwa mzee wa pale, mtu wa Kilunda, aliyemwita mume wangu "Tata chef" yaani baba mkuu, hata walipokuwa wanagombana, na waligombana sana, juu ya mafuta, juu ya grisi, juu ya nani asubiri nani.

Baada ya komiseri kuondoka, wasaidizi wake nao wakaondoka. Wafanyakazi waliobaki waliambiwa wangoje, jimbo jipya litawapanga upya. Mume wangu aliendelea kuvaa koti lake na kwenda ofisini. Kwanza mazuti yakaacha kuja. Akaenda kwa msimamizi wa teritwari, ambaye alikuwa amehamia katika jengo letu kubwa, na yule bwana akamwambia kwa heshima kabisa kwamba kivuko kilikuwa mali ya distrikti, teritwari haina kifungu cha fedha cha vivuko. Akapiga simu Kolwezi kutoka kilimani, mahali pekee upande wetu ambapo mtandao ulishika. Huko wakamwambia kivuko ni jambo la teritwari. Alishuka kilimani akanieleza, tena bila hasira. Aliamini ni mchafuko wa kuanza tu. "Mutoto akizaliwa," alisema, "anaanzaka kulia, kisha anajua titi ya mama yake."

Tukachanga. Wafanyabiashara wa mihogo walileta mafuta kidogo kidogo, kivuko kikaenda. Ndipo lori likaja kutoka Kolwezi na mabwana waliovaa makoti mazuri. Walisema wanapitia mali za iliyokuwa distrikti. Wakaangalia greda, wakaangalia gereji, wakashuka mtoni. Wakasema mashine ya kivuko imechoka, itapelekwa Kolwezi ifanyiwe matengenezo, irudi kama mpya.

Mume wangu alifurahi kama mtu aliyekumbukwa. Alikunja mikono ya shati, akachukua funguo zake mwenyewe, akaanza kufungua bulungi, zile bolti zilizoishika mashine, moja baada ya nyingine. Mvushaji mzee alisimama kando, hakugusa kitu.

"Tata chef," akamwambia, "hii mashine haiendaka matembezi. Wakitaka kuitengeneza, fundi akuje huku."

"Mzee, huko wako na vyombo ambavyo hatuna."

"Wako na vyombo, ndiyo. Na njia ya kurudi wako nayo?"

Mume wangu alicheka, akampiga begani. Waliipandisha mashine kwenye lori kwa magogo, watu wengi wakisukuma, na ile buluu yake ikaonekana mpaka lori lilipokata kona ya kanisa.

Kiangazi kile watu walivuta kivuko kwa mikono. Maji yalikuwa machache, na vijana walishika waya wakaimba wakavuta, kikafika. Binti yangu aliendelea kuja Jumamosi. Akaja siku moja ameshika tumbo kwa mikono miwili, anacheka, na baba yake akatoka jikoni akaenda nyuma ya nyumba kusudi tusione machozi yake. Tulikuwa tumengoja mjukuu miaka. Niliuliza atazaa lini, nikahesabu kwa vidole, nikaona itaangukia katikati ya mvua. Nikamwambia aje akae kwangu mapema, karibu na hospitali. Akasema atakuja shule ikifunga, hawezi kuacha watoto wa darasa lake kabla ya mitihani.

Mimba haikungoja mitihani.

Ilikuwa asubuhi, mvua imenyesha usiku wote, na mto umejaa rangi ya udongo. Kijana wa pikipiki aliyekuwa kilimani alipokea simu ya mkwe wangu akashuka mbio kutuambia: uchungu umeanza tangu jana, mtoto amekaa vibaya, muuguzi wa kijiji amesema hawezi, wapeleke hospitali. Wako njiani.

Tulishuka gatini mimi na mume wangu, tukangoja. Walipofika ng'ambo niliwaona vizuri. Mto wetu si mpana kiasi cha kuficha mtu. Niliona pikipiki, niliona binti yangu katikati, dereva mbele yake na mume wake nyuma akimshika. Wakamteremsha, wakamlaza juu ya mkeka chini ya turubai. Niliona kitenge chake, nilichompa mimi. Nikamwita. Aliinua mkono, hakupaza sauti.

Mvushaji mzee aliita watu. Wakaja wengi, hata wafungwa wa gereza dogo walitolewa waje kusaidia, wakapanda kivukoni, wakashika waya. Mume wangu alikuwa mbele yao, koti lake ametupa chini. Walivuta. Kivuko kikatoka gatini, kikaenda kidogo, na mkondo ukakishika ubavuni. Waya ulianza kulia, sauti nyembamba ambayo sijawahi kusikia tena. Maji yakapanda juu ya chuma yakawafika magotini. Mtu mmoja akateleza, wakamdaka. Mvushaji mzee akapiga kelele warudi, wote watakufa. Mume wangu hakutaka kuachia. Walimbandua mikono.

Wakajaribu tena. Waya ukawakata viganja, kivuko kikarudi.

Kulikuwa na mtumbwi mmoja, na mwenye mtumbwi alikataa, na sikumlaumu; magogo makubwa yalikuwa yanapita na maji. Tukakaa pale. Muuguzi wa hospitali alikuja na sanduku lake akasimama nasi, hana la kufanya. Mume wangu alikuwa anatembea gatini, akienda akirudi, viganja vinamtoka damu, anasema peke yake, "Kwa mashine ni dakika kidogo. Kwa mashine ni dakika kidogo." Ng'ambo ya pili mkwe wangu alikuwa amepiga magoti akimshikia mke wake kichwa. Tulikuwa tunatazamana, familia moja, mto katikati.

Mchana mvua ilikatika, mkondo ukapungua kidogo, na yule mwenye mtumbwi akaja mwenyewe bila kuitwa. Alivuka akiwa na mvushaji mzee. Wakamlaza binti yangu ndani ya mtumbwi kama mzigo wa mihogo, wakavuka naye, na mume wake akabaki ng'ambo kwa kukosa nafasi. Nilimpokea. Mikono yake ilikuwa baridi na uso wake ulikuwa wa rangi nisiyoijua.

"Mama," akasema, "mi nasikia baridi."

Nilimfunika na kitenge changu, na koti la baba yake juu. Tukambeba hospitali. Daktari alimpasua, akatoa mtoto, msichana, akiwa hai. Mama yake hakuamka. Damu ilikuwa imeshatoka nyingi pale juu ya mkeka, ng'ambo, wakati sisi tunamtazama.

Tulimzika upande wetu wa mto, kwa sababu maji yalikuwa yamepanda tena na hakukuwa na namna ya kumrudisha kwa mumewe. Watu wa ng'ambo hawakuweza kuja matangani. Wanafunzi wake waliimba kutoka kule, wamejipanga kwenye ukingo na sare zao, na upepo ulituletea vipande vipande.

Baada ya mazishi mume wangu hakulia. Alikaa jikoni mahali pake pale pale, akaangalia viganja vyake vilivyofungwa bandeji. Siku bandeji zilipofunguliwa akaniambia: "Mama, mi njo nilifungua ile mashine. Mi mwenyewe, na funguo yangu." Nilimwambia hakuiba, aliagizwa. Nilimwambia hata asingefungua yeye, wangefungua wengine. Yote hayo yalikuwa kweli na hayakumsaidia.

Mto ulipopungua mkwe wangu alivuka kumwona mtoto, lakini hakuweza kulea kichanga peke yake shambani, akatuachia. Nilimlea kwa maziwa ya kopo na ya mama jirani. Na mtoto alipoanza kukaa, mume wangu akasema tuhamie Kolwezi. Alisema anakwenda kudai kazi yake. Mimi nilijua anakwenda kutafuta mashine.

Tulisafiri juu ya lori la mihogo. Kolwezi nilikuwa nimeiona zamani, mji wenye miti na watu wa kampuni waliovaa viatu vya chuma. Sasa niliikuta imejaa malori yaliyobeba magunia ya madini, yamepangana barabarani usiku na mchana, na vumbi jekundu juu ya kila kitu, juu ya majani, juu ya mkate. Tulipata chumba katika mtaa ambao watu wamechimba hata chini ya vyoo vyao. Mwenye nyumba jirani, mama mmoja wa asili ya Kasai ambaye babu yake aliletwa kufanya kazi ya mgodi, alinionea huruma kwa sababu ya mtoto mgongoni. Alinionyesha sokoni, akanipa kona ya meza yake niuze unga wa muhogo. Bila yeye sijui.

Mume wangu alivaa koti kila asubuhi akaenda maofisini. Koti lile lile. Nilikuwa nimelifua, lakini sikuweza kulitazama. Jioni alinieleza aliyoambiwa. Wafanyakazi wa jimbo wamekwisha kupangwa. Wafanyakazi wa teritwari wako teritwari. "Na wewe, tata, wa wapi?" Akisema wa distrikti, walimtazama kama mtu aliyesema anatoka katika nchi ambayo haipo kwenye ramani. Wengine walikuwa na adabu, wakampa kiti. Alikaa kwenye viti vingi sana Kolwezi.

Akitoka maofisini alizunguka magereji. Aliuliza kila fundi, alichungulia kila yadi. Mimi nilimwachia. Niliona afadhali mtu anayetafuta kuliko mtu aliyekaa.

Siku moja alikuja sokoni mchana. Alisimama mbele ya meza, hakunisalimia hata mimi wala yule mama wa Kasai.

"Kuya," akasema. "Kuya uone."

Nilifunga mtoto mgongoni, tukapanda pikipiki moja sisi wote, tukaenda upande wa Kingamyambo, na mbele zaidi, mahali ambapo watu binafsi wameweka mabwawa ya kuoshea mawe yenye shaba. Palikuwa na wanawake wamesimama ndani ya maji mpaka mapajani, wakitikisa vichungi. Kando ya bwawa, chini ya kibanda cha mabati, mashine ilikuwa inavuta maji kutoka kijitoni. Ilikuwa ya kijani. Mume wangu hakuinyooshea kidole. Nilizunguka upande wa pili mwenyewe, nikaona kiraka cha buluu.

Sijui nilitegemea nini. Pengine nilidhani nitapiga mayowe. Nilisimama tu nikisikiliza inavyonguruma, sauti ile ile ya Jumamosi, na mtoto mgongoni akaanza kurukaruka kwa furaha, kwa sababu watoto wanapenda mashine.

Mwenye bwawa alikuwa kijana, mnunuzi wa madini. Alipoona wazee wawili wamesimama karibu na mashine yake alikuja, na mume wangu akamweleza kila kitu, tangu kivuko mpaka mazishi. Kijana alisikiliza. Akaagiza tuletewe viti na soda.

"Tata, pole," akasema. "Pole sana, mama. Lakini mi nilinunua. Mutu mwenye aliniuzia naye alinunua. Kama nilijua, pengine singenunua. Sasa nifanye namna gani?"

"Uirudishe," mume wangu akasema.

"Kwa nani?"

Mume wangu aliweka soda yake chini, akasimama, tukaondoka.

Tulikwenda kushtaki, ndiyo. Afisa aliyetupokea alituuliza swali lile lile la kijana, kwa maneno ya sheria. Mwizi anaiba kitu cha mtu. Mwenye kitu ni nani? Distrikti. Basi distrikti ndiyo inayopaswa kuja kulalamika. Haiko? Mrithi wake ni nani? Jimbo. Basi jimbo lilete malalamiko. Tukaenda jimboni, kwenye viti vile vile. Wakasema mashine haimo katika mali ambazo jimbo lilipokea kutoka distrikti, kwa hiyo jimbo halikupotewa na kitu. Bwana aliyetuambia hivyo alikuwa na sauti ya upole, na alitusindikiza mpaka mlangoni. Njiani mume wangu alisema, "Basi haikuibiwa." Alisema kama mtu anayejifunza somo jipya.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo watu wa nyumbani hawalijui.

Yule kijana mwenye bwawa alimtuma mtu amtafute mume wangu. Mashine ilikuwa inazimazima, mafundi wake wameshindwa, na alikumbuka kwamba mzee anaijua. Mume wangu alikwenda, akaiwasha. Kijana akamwomba abaki, awe mtunzaji wa mashine, atalipwa kila juma. Alirudi nyumbani akanieleza akiangalia ukuta. Mtoto alikuwa na homa, unga wangu ulikuwa umelowa mvua, na mwenye chumba alikuwa amekwisha kuja mara kadhaa mlangoni. Kesho yake asubuhi aliondoka bila koti, na mimi sikumwuliza anakwenda wapi.

Aliitunza vizuri. Alifanya kazi pale muda mrefu, tukala, mtoto akapona, akakua. Nilisonga bukari kwa unga ulionunuliwa na mashine ile, nikamlisha mtoto wa binti yangu, nikala na mimi. Chakula kilishuka. Zamani nilidhani chakula cha namna hiyo hakiwezi kushuka.

Mvushaji mzee alikuwa anatupigia simu mara moja moja, akipanda kilimani. Alitueleza habari za kule. Waya wa kivuko umekatika. Sahani ya chuma imejaa mchanga, imelala upande mmoja. Watu wa ng'ambo hawaji tena. Wanaougua wanakwenda upande wa Angola kwa miguu, au hawaendi. Shule ya binti yangu imebaki na mwalimu mmoja. Siku ile ninayoikumbuka zaidi, mume wangu alikuwa ametoka kazini, miguu yake imechubuka kwa maji ya bwawa, na simu ikalia. Aliweka sauti kubwa kusudi nami nisikie.

"Tata chef, uliiona?"

Mume wangu alinitazama. Mtoto alikuwa mapajani kwake akichezea vifungo vya shati.

"Apana, mzee," akasema. "Sijaiona."

"Endelea kutafuta. Sisi huku tunangoja."

"Ndiyo, mzee."

"Waya tutapata. Mashine tu njo inakosa."

"Ndiyo, mzee."

Alipokata simu alimteremsha mtoto chini polepole, akatoka nje. Mzee yule alikufa mwaka uliofuata, akiwa bado anangoja. Tulipata habari kwa mkwe wangu.

Mashine haikudumu. Kampuni kubwa ilichukua eneo lile lote, ikaweka ukuta na walinzi, na mabwawa ya watu binafsi yakafukiwa. Kijana mnunuzi alihama, akasema anajaribu bahati upande wa Tenke. Mashine aliwauzia watu wa vyuma chakavu. Mume wangu alikuwepo walipoivunja kwa nyundo, kwa sababu haikuingia nzima kwenye gari lao. Alinieleza hilo tu, na tangu siku hiyo hakutafuta kazi tena, wala hakwenda tena kwenye ofisi yoyote.

Sasa wanasema mtaa wetu nao utahamishwa, kwa sababu chini yake kuna madini. Watu wanabishana kuhusu wapi watapelekwa na nani atawapeleka. Wanakuja kumwuliza mume wangu, maana wamesikia alikuwa mtu wa serikali, na yeye anawaambia hajui. Wanafikiri anaringa. Mjukuu wangu ameanza shule. Ana sauti kubwa, mwalimu wake amenilalamikia. Nilimwambia mwalimu amwache.

Asubuhi natoka na unga wangu, namwacha mume wangu kwenye kiti cha plastiki mbele ya mlango, namwekea chakula chake ndani, kimefunikwa. Jioni nikirudi namkuta pale pale, vumbi la malori limemkaa kwenye nyusi na mabegani. Namwuliza kama amekula. Ananiambia amekula. Naingia ndani, nafunua chungu, nakuta bukari iko nzima, imekauka juu, na hakuna mkono uliogusa.